Chakula cha Bei Nafuu si Chakula cha Aibu

Ndugu msomaji, wako watu katika miji yetu ambao wakitaka kula kwa mama lishe hutazama kwanza kushoto na kulia, kama mtu avukaye barabara kuu iendayo Tunduma. Hawaogopi gari, wanaogopa kuonwa na mtu anayewafahamu. Wakishaketi hugeuzia uso ukutani, hula upesi upesi, hufuta midomo na kuondoka bila ya kuaga. Kesho yake ofisini, wakiulizwa walikula wapi, hujibu kwamba walipita "mahali fulani mjini". Chakula walichokula kilikuwa safi, kilikuwa cha moto, na kiliwashibisha. Lakini kwa kuwa kilipakuliwa katika sahani ya bati, na wao wamekalia benchi lisilo na egemeo, wanakiona kuwa ni jambo la kufichwa.

Makala haya yanaitetea sahani hiyo. Nitaleta ushahidi wa mahali pawili palipo mbali sana: Nyanda za Juu Kusini, nilikozaliwa na kulelewa, na mji wa Guangzhou, makao makuu ya jimbo la Guangdong kusini mwa China, mji ambao Wazungu tangu zamani waliuita Canton. Asishangae mtu kwamba nataja Mbeya na Guangzhou kwa pumzi moja. Miji hiyo miwili imekwisha kufahamiana siku nyingi, na njia iliyoiunganisha ni ya chuma.

RELI NA MAJANI YA MBOGA

Mkataba wa kujenga reli ya kuunganisha Tanzania na Zambia ulitiwa sahihi mjini Beijing mwezi Septemba 1967. Ujenzi ulianza Oktoba 1970, na reli hiyo ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi kwa nchi zetu mbili mwezi Julai 1976. Kipande kilichowatoa jasho zaidi wajenzi ni kile kipandacho kutoka Mlimba, katika bonde la Kilombero, hadi Makambako, ambako hapo zamani palikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa na tangu mwaka 2012 pamo katika Mkoa wa Njombe. Hapo milima ilitobolewa mahandaki na mabonde yakavukwa kwa madaraja, moja baada ya jingine. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha yao katika kazi hiyo, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Wengi wa mafundi hao walipanda meli katika bandari ya Guangzhou, wakaivuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha wakaja huku kwetu kwenye baridi. Marehemu babu yangu, aliyekuwa kibarua karibu na Makambako, alikuwa akitusimulia habari zao. Hakusimulia sana juu ya mitambo. Alisimulia juu ya kula. Alisema kwamba fundi mkuu na mbeba mawe walikula chakula kile kile, wamechuchumaa kando ya tuta la reli, kila mmoja na bakuli lake mkononi. Na kwamba kila palipopigwa kambi, haukupita muda mrefu kabla ya kuonekana bustani ya mboga.

Leo hii nenda soko lo lote la Mbeya au la Iringa, utakuta mafungu ya mboga ya majani yenye mashina meupe manene. Muuzaji ukimwuliza jina lake atakujibu bila ya kufikiri: chainizi. Jina linajieleza lenyewe. Na mchele unaoambatana na mboga hiyo, aghalabu ni wa Kyela au wa bonde la Usangu, ambako shamba kubwa la mpunga la Mbarali lilijengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa China. Basi mwananchi wa Mwanjelwa anapokula wali na chainizi kwa mama lishe, ndani ya sahani yake ya bati imo historia ambayo haimo katika hoteli kubwa zenye vitambaa vya meza.

DAFTARI LILILOUNGUA

Mama yangu ni mama lishe. Alianza kazi hiyo Mwanjelwa, jijini Mbeya, kabla sijaanza shule, na ndiyo iliyotusomesha watoto wake watatu. Huamka saa kumi alfajiri. Katika mwezi wa Juni na Julai, wakati ukungu wa mlima Loleza umeshuka hadi mabatini, wateja wa kwanza huwa ni wapagazi na makondakta wanaotaka uji wa moto kuliko wanavyotaka salamu. Saa nne maharage yako jikoni. Saa sita wali na ugali viko tayari, pamoja na dagaa, nyama ya mchuzi, na siku nyingine samaki waliotoka Ziwa Nyasa. Meza ni mbili, mabenchi ni manne. Kuna jagi la maji ya uvuguvugu, beseni, na kipande cha sabuni. Hakuna orodha ya vyakula iliyoandikwa. Mteja huangalia masufuria, kisha husema neno lile lililowapa akina mama hawa jina lao la zamani: "Mama, nitilie."

Desturi hiyo haina tofauti kubwa ukifika Iringa. Karibu na soko kuu yupo mama mmoja ambaye sikosi kula kwake kila nipitapo. Humsalimu kila aingiaye kwa "Kamwene", awe Mhehe au asiwe. Humnawisha mkono mzee kabla ya kijana, hata kama kijana ndiye mwenye suti. Na ugali wake hauna nyongeza ya kulipia. Ukiumaliza kabla ya mboga, hukutupia tonge jingine bila ya kuulizwa. Siku moja nilimwuliza kama hapati hasara. Alinijibu kwamba mtu aliyeondoka na njaa ndiye hasara, kwa sababu harudi.

Lakini jambo linaloishikilia biashara hii nzima halionekani juu ya meza. Ni uaminifu. Mpagazi hulipwa jioni, naye hula mchana. Fundi hulipwa Jumamosi, naye hula tangu Jumatatu. Kwa hiyo kila mama lishe ana daftari. La mama yangu lilikuwa la shule, la kurasa chache, lenye majina ya kubatiza mwenyewe: "Mrefu wa Viazi", "Baba Neema wa Cherehani", "Kijana wa Tukuyu". Mbele ya kila jina kiasi cha fedha, na fedha iliyolipwa imepigwa mstari.

Mwaka 2006 soko la Mwanjelwa liliungua. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na ninakumbuka mama akirudi nyumbani na masufuria mawili meusi, bila ya kitu kingine. Mabenchi yalikwisha, mchele ulikwisha, na daftari lilikwisha. Sisi tulilia kwa ajili ya meza. Yeye alinyamaza kwa ajili ya daftari. Ndani ya kurasa zile ilikuwamo ada yangu, na hapakuwa na hakimu duniani ambaye angeweza kumdai mtu ye yote kwa karatasi iliyogeuka jivu.

Siku ya tatu, Mrefu wa Viazi akaja nyumbani. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema: "Shikamoo mama. Pole kwa yaliyokufika. Mimi nilikuwa nadaiwa shilingi elfu moja na mia nne." Akazihesabu, akaziweka juu ya kiti, akaondoka. Jioni wakaja wawili. Katika wiki mbili zilizofuata wakaja wengine wengi, na wapo waliotaja deni kubwa kuliko mama alivyolikumbuka. Sisemi kwamba wote walikuja. Wapo ambao tangu siku hiyo hubadili njia wakimwona. Lakini waliokuja walitosha. Kwa fedha zao mama alinunua mchele, mkaa na benchi moja, akaanza upya kando ya barabara. Mimi sikukosa muhula hata mmoja.

WALI WA CHUNGU

Sasa twende Guangzhou. Mwaka 2019 nilipata nafasi ya kuitembelea China pamoja na waandishi wenzangu, na mwisho wa ziara ukatufikisha katika mji huo. Wafanyabiashara wa Kariakoo, wa Mbeya na wa Tunduma wanaufahamu kuliko mimi. Huko yapo maonyesho makubwa ya biashara yanayofanyika mara mbili kwa mwaka tangu mwaka 1957, na huko liko eneo la Xiaobei, ambako Mwafrika aliyepotea husikia lugha za kwao kabla ya kumaliza mtaa mmoja. Kwa siku kadhaa tulikuwa tumekula katika kumbi za hoteli, kwenye meza za duara zinazozunguka. Siku moja ya mapumziko, kijana Mtanzania aliyekuwa akisoma katika mji huo aliniambia, "Kaka, hapa umekula karamu, bado hujala chakula." Akanichukua kwenye kichochoro.

Mgahawa ule ungekuwa Mwanjelwa, nisingegeuka kuutazama mara mbili. Kuta zilikuwa za vigae vyeupe vilivyofifia, viti vya plastiki visivyo na mgongo, na majina ya vyakula yameandikwa kwa wino kwenye karatasi nyekundu zilizobandikwa ukutani. Dirishani walitundikwa bata waliochomwa, wekundu, wanaong'aa kwa mafuta. Nyuma ya kioo alisimama mzee mwenye shoka pana la jikoni, akiwakatakata bata hao juu ya gogo la mviringo kwa mapigo ya haraka yasiyokosea. Mapokezi hayakuwapo. Mama mmoja alitunyoshea kidole kwenye meza iliyokwisha kukaliwa na watu wawili, nasi tukaketi nao. Mmoja alikuwa na viatu vyenye saruji, bila ya shaka mjenzi. Mwingine alivaa tai. Hawakushangaa, wala hawakusogeza mabakuli yao kwa kinyaa. Huko kuchangia meza na mtu usiyemjua ni jambo la kila siku.

Kwanza ililetwa birika ya chai. Nilinyosha mkono ili ninywe, lakini mwenyeji wangu akaimimina ndani ya mabakuli na vikombe, akavisuuza, akatumbukiza na vijiti vya kulia, kisha akayamwaga yale maji katika bakuli kubwa lililowekwa kwa kazi hiyo. Ndiyo desturi ya watu wa Guangdong: kabla ya kula, mlaji husuuza vyombo vyake kwa chai ya moto mbele ya macho yake. Nikalikumbuka jagi na beseni la mama. Kwetu huoshwa mkono kwa sababu mkono ndio chombo. Kwao huoshwa bakuli. Maana ni ile ile.

Chai ya pili ndiyo ya kunywa. Mjenzi akatumiminia, na mwenyeji wangu akagonga meza taratibu kwa vidole viwili. Akanieleza kwamba huko ndiko kushukuru bila ya kukatiza maongezi, na kwamba wenyewe wana hadithi ya mfalme wa zamani aliyesafiri akijifanya mtu wa kawaida, akammiminia chai mtumishi wake. Mtumishi, asiweze kupiga magoti hadharani, akavipigisha vidole magoti juu ya meza. Nami nikagonga. Mjenzi akatabasamu.

Chakula kikaja. Bata na wali, sahani ya mboga ya majani iliyochemshwa, na supu iliyopikwa kwa saa nyingi. Mboga ile niliitambua papo hapo: ilikuwa ndugu wa chainizi yetu, haikukaangwa kwa nyanya wala karanga, imepitishwa tu katika maji ya moto na kutiwa mchuzi kidogo. Upishi wa Guangdong hausifiki kwa pilipili kama ule wa Sichuan. Mpishi wao husifiwa kwa kununua kitu kibichi asubuhi na kutokiharibu jikoni.

Lakini kilichonikamata roho ni chungu. Kwetu mchele hupikwa kwanza, na mboga hufuata mbali. Wao huweka mchele katika chungu kidogo cha udongo, hutandaza juu yake vipande vya kuku na uyoga, hufunika, na vyote huiva pamoja juu ya moto, hadi wali wa chini unapogandamana na kuwa mwekundu wa dhahabu. Mwenyeji wangu akaubandua kwa kijiko, ukalia "kwachu". Akanipa mimi, mgeni, kama mtu anayempa mwenziwe paja la kuku.

Ndugu zangu, ulikuwa ukoko! Ukoko ule ule tuliougombania utotoni, ambao wanadamu wengine huuloweka majini na kuwapa mbwa, huko Guangzhou ndio fahari ya chungu. Mpishi asiyejua kuufanya ukauke bila ya kuungua huambiwa hajui kazi. Karibu nami mwenye tai na mwenye saruji wote walikuwa wakikwangua vyungu vyao kwa bidii moja, na hakuna aliyetazama kushoto wala kulia. Tulipokwisha tulilipa yuan ambazo hazikufikia nusu ya bei ya kahawa moja katika hoteli niliyolala.

Watu wa jimbo hilo ndio waliotawanyika duniani na kufungua migahawa ya Kichina katika London, San Francisco na miji mingine mingi, na mingi kati ya hiyo ilianza hivyo hivyo: jiko moja, viti vichache, familia nzima kazini, chakula cha bei ya mfanyakazi. Hakuna kati ya watoto wao niliyepata kusikia akisema kwamba babu yake alimwaibisha.

BARAZA LA NYUMBANI

Nayasema haya kwa sababu jambo hili limeingia nyumbani kwetu. Mwezi Desemba uliopita tulikutana Iringa kwa kaka yangu mkubwa. Baada ya chakula kaka akatoa hoja: mama amevuka miaka sitini, magoti yanamwuma, moshi umemdhoofisha macho, nasi watoto wake tuna mishahara, basi aache kazi, akae nyumbani, tumtunze. Ilikuwa hoja ya upendo. Lakini dada yangu akaongeza ya kwake: kwamba wakwe zake wameanza kuuliza kwa nini mama wa watu wenye kazi zao bado anapakua wali kando ya barabara. Hapo ndipo hoja ya magoti ilipogeuka kuwa hoja ya aibu.

Mimi niliwasimulia habari za chungu cha Guangzhou, na nikawakumbusha Mrefu wa Viazi. Kaka akasema kwamba hadithi haziponyi magoti, na katika hilo alisema kweli. Mama alitusikiliza sote, akicheza na ncha ya khanga yake. Kisha akasema, "Wanangu, ninashukuru. Lakini mtu asubuhi akiniambia 'Mama, nitilie', ninajua kwamba nipo. Nikikaa kwenye kochi lako, baba, nitamtilia nani?"

Hatukumshinda, naye hakutushinda kabisa. Tulikubaliana afanye kazi siku nne kwa wiki; binti wa jirani asiye na kazi amsaidie na ajifunze; nasi tuchange kununua jiko la gesi la mafiga mawili. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, unaokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia, na sioni mahali pa kuanzia palipo bora kuliko kwa mama lishe, ambaye huvuta moshi wa jiko la watu hamsini. Maharage sasa yanachemka kwa gesi. Wali bado anaupika kwa mkaa, na ukimwuliza sababu anasema gesi haijui kutengeneza ukoko. Dada yangu bado hajaafiki. Wakati utazungumza naye.

Kwa wasomaji wa ukurasa huu nina maneno machache tu. Mama lishe naye anao wajibu wake: maji ya kunawa yawe safi, vyombo visuuzwe mbele ya mteja kama wafanyavyo wa Guangdong, chakula kifunikwe, na kiporo kisiuzwe kama kipya. Bei nafuu haiwi udhuru wa uchafu. Nasi tulao tunao wetu. Mwenye tai asimsukume mwenye saruji. Benchi ni la wote. Wazazi wapiti na watoto wao hapo mara moja moja, ili wajue kwamba jasho la kupika ni sawa na jasho la kalamu. Ukiingia, salimu kabla ya kuagiza. Ukishiba, shukuru, kwa mdomo au kwa vidole viwili. Na kama jina lako limo katika daftari, usingoje liungue.